ULITOKA NA NINI KULE KUZIMU?

Leo ujumbe ni mrefu kidogo. Kama uko kwenye foleni ya kupima majani, soma polepole, foleni yenyewe haina haraka.

Majuzi, baada ya kesha ya Ijumaa, kijana mmoja wetu alibaki nyuma. Wenzake waliondoka na pikipiki, yeye akajifanya anapanga viti. Vilipokwisha akaanza kuvipanga upya. Nikajua ana neno.

Akaniuliza, "Pasta, mtu akitazama filamu ya kuzimu, amefungua mlango?"

Nikamuuliza filamu gani. Akasema ni ya zamani sana, ya Hercules, mtu wa misuli anayeshuka chini kwa wafu, na kuna mchawi anayetaka kunywa damu ya msichana. Ameitazama kwenye simu usiku, peke yake, mara tatu. Tangu hapo hapati usingizi.

Ningeweza kumjibu kwa dakika moja: tubu, futa, nenda ulale. Wengi wenu mngenisifu. Lakini mara tatu, ndugu zangu? Mtu hatazami kitu mara tatu kwa sababu ya hofu tu. Kuna kitu anakitafuta mle ndani. Kwa hivyo nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu. Niambie kilichokushika ni nini."

Akasema, na mkono wake ukitetemeka kidogo: "Yule msichana wa filamu alikuwa hamtambui mchumba wake. Akili imeondoka. Na aliyemfanyia hivyo alikuwa mjomba wake mwenyewe, wa nyumba moja. Pasta, kikulacho ki nguoni mwako. Naona Mungu alinionyesha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kaka yake alikuwa mgonjwa mwezi wa tatu. Alianza kwa kuongea peke yake, akaacha kula, mwisho akawa hamtambui mama yake mzazi. Na pale nyumbani watu walikuwa wameanza kutazama upande wa chini wa shamba, ambako anaishi Gogo mmoja wa ukoo wao, mzee, mjane, peke yake, karibu na mikaratusi.

(Kijana amenipa ruhusa niandike haya. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Usianze kukisia ni nani.)

NILIITAZAMA

Ndiyo, mchungaji wenu alikaa na kutazama filamu nzima ya Hercules. Wenye kutaka kuandika kwamba nimerudi nyuma, andikeni, lakini kwanza maliza kusoma.

Ni filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1961. Kwao inaitwa Ercole al centro della Terra, na kwa Kiingereza ilipewa jina la Hercules in the Haunted World. Mwelekezaji ni Mario Bava. Miaka ile Waitaliano walikuwa wakitoa filamu nyingi za namna hii, za mapanga, makubadhi na wanaume wenye vifua vipana, hasa baada ya filamu ya Hercules ya mwaka 1958 kupendwa sana. Bava akachukua ule mtindo akauchanganya na makaburi.

Kisa ni hiki. Hercules anarudi nyumbani kwa mpenzi wake Deianira anakuta hamjui. Mjomba wake msichana, Lico, anayeshika utawala kwa niaba yake, anasema kwa upole kwamba ni ugonjwa. Kumbe ni yeye. Anangoja usiku wa kupatwa kwa mwezi ili anywe damu ya msichana atawale pamoja na nguvu za giza. Hercules anaambiwa dawa ni jiwe lililoko kuzimu, na kwamba lazima kwanza apate tufaha la dhahabu. Anashuka na rafiki yake Theseus. Huko chini wanakuta mimea ambayo ukiikata inavuja damu na kulia. Wanavuka juu ya moto wa kuyeyuka wakining'inia kwenye kamba. Theseus anaanguka, Hercules anadhani amekufa.

Kumbe hajafa. Amempata msichana huko chini, Persephone, binti wa mfalme wa kuzimu. Amempenda. Na anapotoka, anamficha ndani ya mashua bila kumwambia Hercules.

Shika hapo. Tutarudi kwenye mashua.

Mwisho wafu wanatoka makaburini, Hercules anawarushia mawe makubwa, Lico anaangukiwa na jiwe, anaungua. Msichana anapona. Kwisha.

KWANZA: HOFU ILE ILITENGENEZWA KWA MIKONO

Nilimwambia kijana jambo la kwanza ambalo nataka kila mzazi alisikie. Kuzimu ile ni rangi.

Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwelekezaji, na baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza maajabu ya filamu. Hakuwa na fedha nyingi. Alikuwa na nguzo chache za kusogezwa huku na huku, moshi, na taa alizofunika kwa vioo vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Nguzo zile zile zikisogezwa, ni jumba la mfalme. Zikisogezwa tena na taa ikawa nyekundu, tayari tuko kwa wafu. Yule mwigizaji wa Lico ni Christopher Lee, Mwingereza aliyekuwa ameigiza Dracula mwaka 1958. Na ile sauti nzito unayoisikia katika toleo la Kiingereza si yake. Mtu mwingine aliiweka baadaye.

Sisi Wakenya hilo halitushangazi. Ni nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye benchi la ukumbi wa video sokoni akimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu ya Wachina kwa Kiswahili na Sheng, mpaka mpiganaji wa Hong Kong anaonekana ni kama kijana wa kwetu? Tulicheka hadi machozi. Jitu la kutisha likipewa maneno ya DJ Afro, hofu inakufa pale pale. Hiyo inatufundisha kitu: nguvu ya picha inategemea ni nani anayeieleza sikioni mwako.

Na yule Hercules mwenyewe? Ni Reg Park, Mwingereza wa Leeds, aliyeshinda taji la Mr Universe mara tatu. Arnold Schwarzenegger alipokuwa kijana alimtazama huyo akasema nataka kuwa kama yeye. Reg Park alihamia Afrika Kusini, akaugua saratani, akafa huko mwaka 2007. Simsemi vibaya. Nasema tu kwamba mwanamume aliyeshuka kuzimu akapanda kwa misuli yake kwenye filamu, siku yake ilipofika alienda kama sisi sote tutakavyoenda. Ninamjua Mmoja tu aliyeingia mautini akatoka akiwa na funguo mkononi, na Ufunuo 1:18 inamtaja. Hakutoka kwa kamba.

Kwa hivyo, mwanangu, kutazama nguzo na taa nyekundu hakujakupa pepo. Lala.

Lakini sikumaliza hapo. Wewe pia usimalize hapo ukaenda kununua bando.

PILI: UMEFICHA NINI KWENYE MASHUA?

Theseus alitoka kuzimu mzima. Mikono, miguu, akili, vyote viko sawa. Ukimtazama usingejua. Lakini chini ya mashua alikuwa na kitu cha kule. Alipofika nyumbani mabaya yakaanza kuikumba nchi, na watu wasiojua lolote wakateseka. Hercules alihangaika kutafuta sababu, kumbe sababu imelala chumbani kwa rafiki yake.

Ukisoma Yoshua 7 utaona jambo hili hili, na halina taa za rangi. Akani aliingia Yeriko na jeshi, akatoka na jeshi. Lakini chini ya hema lake kulikuwa na vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Israeli ikapigwa pale Ai, wanaume kama 36 wakafa. Wanaume 36 kwa ajili ya kitu kilichofukiwa chini ya kitanda cha mtu mmoja!

Basi swali langu si kwamba ulitazama nini. Swali ni: ulitoka na nini? Kijana huyu hakutoka na pepo. Alitoka na wazo: "Adui ni yule wa nyumbani, yule mzee." Akalificha kifuani. Akalilisha kila usiku, mara tatu. Na wazo hilo, wapendwa, linaweza kuua mtu.

Naona kuna mmoja anatikisa kichwa, anasema Pasta anatia chumvi. Hebu tuseme ukweli. Hapa jirani, Marani katika kaunti ya Kisii, mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na watu wa kijijini kwa kuitwa wachawi. Waliwatoa nyumbani, wakawapiga, wakawachoma. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, watu waliokuwa wakisalimiana nao njiani. Na mwaka 2008 katika eneo hilo hilo la Kisii waliuawa zaidi ya kumi kwa namna hiyo. Kutoka kwetu hadi huko ni safari ya matatu moja tu. Tusijidanganye kwamba mpaka wa kaunti unazuia hofu.

Na wazee wetu wa Kipsigis wanakumbuka jingine. Mwaka 1934 serikali ya wakoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Malaibon, ikauchukua ukoo wa Talai, wanaume, wanawake na watoto, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa, mahali pa malaria na mbung'o. Sitetei ibada za kale hapa, mnajua ninavyohubiri. Ninachosema ni kwamba hofu ya nguvu za giza ilitosha kuhukumu hata mtoto mchanga kwa sababu ya jina la ukoo wake. Hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja umefanya nini. Ndivyo hofu inavyofanya kazi. Haiulizi, inabandika.

TATU: FILAMU TUNAZOZIONYESHA MADHABAHUNI

Sasa nikifika hapa ningependa kuwalaumu Waitaliano. Au Wanaijeria, maana tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, sinema za kafara na utajiri wa damu zimeingia mpaka vijijini kwetu, na kina mama wa kanisa wanazijua vizuri kuliko kitabu cha Mambo ya Walawi. Lakini lazima nianze na mimi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mchungaji mdogo katika kanisa la mabati, nina moto na sina hekima. Nikafanya semina ya siku tatu ya kufunguliwa. Siku ya pili nikaeleza namna ya kumtambua mchawi. Sikuyatoa kwenye Biblia. Niliyatoa kwenye vitabu vya ushuhuda na sinema. Nikasema anaishi peke yake. Macho yake ni mekundu. Anatembea usiku. Hapendi nyumba yake iingiwe. Watu walipiga kelele za shangwe. Nilijiona nimepakwa mafuta.

Katika benchi la mbele alikuwa ameketi mjane mmoja. Aliishi peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

Sikumtaja. Naapa sikumtaja hata moyoni. Lakini kanisa lilikuwa na macho. Wiki iliyofuata akifika mtoni wenzake wanasubiri achote aondoke ndipo washuke. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Majani yake shambani yakakua yakapita kiuno, kwa kuwa vibarua walikataa. Akaacha kuja ibadani. Na mimi, mchungaji wake, nilikaa miezi minane kabla ya kuuliza yuko wapi.

Nilipoenda alinikaribisha, akanipa chai. Akaniambia maneno ambayo bado yananiamsha usiku: "Pasta, macho yangu ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni. Ungeniuliza."

Nilitubu mbele ya kanisa zima, nikiwa nimepiga magoti. Alirudi. Lakini hakuketi tena benchi la mbele.

Kwa hivyo nikiwaambia kwamba hofu inayotengenezwa na wahubiri ni hatari kuliko ile ya Mario Bava, sitafuti kupendwa. Bava hakumwambia mtu kwamba ni Neno la Mungu. Mtazamaji alilipa, akashtuka, akaenda nyumbani akijua ni sinema. Sisi tunasimama na Biblia mkononi, tunampa Lico saa nzima, tunampa Yesu dakika tano za mwisho kabla ya sadaka. Kisha tunashangaa vijana wanamjua shetani kwa undani na hawajui Mlima wa Mizeituni uko wapi.

"LAKINI PASTA, WACHAWI WAPO"

Najua mtaandika hivyo. Nami sikatai kwamba nguvu za giza zipo. Mimi ni Mpentekoste, nimewekea watu mikono, nimeona Mungu akifungua waliofungwa. Wengine mtaniletea Kutoka 22:18. Sawa. Leteni pia Kumbukumbu 19:15 hadi 19, ambako sheria ile ile inadai mashahidi wawili au watatu, na inasema shahidi wa uongo afanyiwe lile alilotaka kumfanyia mwenzake. Una mashahidi wangapi dhidi ya Gogo? Ndoto yako, shemeji yako na filamu?

Kisha mtazame Paulo. Kule Filipi, Matendo 16, alikutana na msichana ambaye kweli alikuwa na pepo wa uaguzi. Hakuna shaka pale. Je, aliita kijiji? Aliamuru pepo atoke, basi. Msichana akabaki hai na huru, na waliokasirika ni mabwana waliokuwa wakipata pesa kwake. Vita vyetu havijawahi kuwa juu ya damu na nyama ya bibi kizee.

Na mgonjwa je? Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu wakataka jina la mkosaji: ni yeye au ni wazazi wake? Yesu hakuwapa jina. Alikataa swali lenyewe, akamponya mtu. Sisi tumeacha kazi ya Yesu tumeshika swali la wanafunzi.

Nilimwambia kijana hivi: kwenye filamu, mjomba ana hatia kwa sababu aliyeiandika aliamua hivyo. Yeye alijua mwisho kabla ya mwanzo. Ana haki ya kumfanya mtu wake mchawi, maana ni mtu wa karatasi. Wewe hukuandika maisha ya Gogo. Hujui alichoomba jana usiku. Pengine amekuwa akimwombea kaka yako wakati wewe unaangalia simu.

Na sheria ya nchi mnaijua? Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ya tangu mwaka 1925, haimwadhibu tu anayejifanya mganga wa kudhuru. Kumshtaki mtu mtaani kwamba ni mchawi ni kosa pia. Hata mkoloni aliliona hilo. Sisi tuliojazwa Roho tunashindwaje?

YA KUFANYA

Sipendi kufundisha bila kazi ya kwenda nayo nyumbani.

Wazazi: msinunulie mtoto simu kisha mkamwachia usiku kucha. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, inaweka alama: GE ni ya wote, PG ni mzazi awepo, halafu 16 na 18. Zitazameni. Lakini alama haitoshi. Ketini na mtoto mwulize, "Umeona nini, na umebaki na nini?" Kijana huyu alitembea na kitu kizito wiki nzima akikosa wa kumwuliza, kwa kuwa alijua tungempigia kelele kuhusu filamu kabla ya kumsikiliza.

Vijana: si kila kitu ni dhambi, na si kila kitu kinajenga. Ukiona kitu kimekufanya uogope zaidi, umwamini Mungu kidogo zaidi, na umchukie mtu fulani kwa jina, achana nacho. Hiyo ndiyo mizani yangu. Wafilipi 4:8 inatupa orodha nzuri ya mambo ya kuyaweka akilini, isome leo.

Wenye mgonjwa wa akili nyumbani: mpelekeni hospitali. Mje na maombi, sisi tutafunga pamoja nanyi, lakini mpelekeni. Kuomba na kumeza dawa havigombani. Aliyeumba Lazaro ndiye aliyeumba majani ya dawa na akili ya daktari. Msimfunge mtu kamba chumbani mkisubiri nabii wa Jumamosi.

Wahubiri wenzangu: kabla hujaeleza sura ya mchawi, hesabu wajane walioketi mbele yako.

Na wewe uliye na Persephone kwenye mashua, uliye na jina la mtu umelificha kifuani na kulilisha usiku, litoe leo. Unajua mwisho wa Persephone? Theseus hakukubali kumwachilia, alikuwa tayari kupigana na Hercules rafiki yake. Ni msichana mwenyewe aliyekubali kurudi kwao ili nchi ipone, na Theseus akamsahau. Wewe usingoje jambo lako lijirudishe lenyewe. Chuki haina huruma ya Persephone. Haitaondoka kwa hiari.

Mtauliza ilikuwaje. Kaka alipelekwa hospitali. Madaktari waliupa ugonjwa wake jina, wakampa dawa na tarehe za kurudi. Sitawaambia kwamba amepona kabisa, kwa kuwa si kweli. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Jumapili iliyopita alimwita mama yake "mama", na mama alilia mpaka ibada ikasimama kidogo. Tunaendelea kuomba.

Kijana naye aliniuliza afanye nini kuhusu Gogo. Nilimwambia asiende kumwomba msamaha kwa jambo ambalo Gogo hajui, amtie mzee jeraha jipya. Nikamwuliza, "Majani yake yanachumwa na nani?" Akanyamaza. Akasema, "Hakuna mtu."

Jumatatu alfajiri alibeba kikapu akaenda kuchuma. Saa nne Gogo akamletea chai na viazi pale shambani, akamwuliza kaka yake anaendeleaje. Kumbe alikuwa akijua dawa zilipo na saa za kumeza, kwa kuwa amekuwa akimwuliza mama kila asubuhi pale njiani. Kijana aliniambia hiyo ndiyo siku alilala.

Tuombe. Bwana Yesu, mwenye funguo za mauti na kuzimu, tunakushukuru kwa kuwa huogopi mahali tunapoogopa. Tusamehe kwa majina tuliyoyanong'ona. Walinde wazee wanaoishi peke yao, wenye macho mekundu kwa moshi. Mkumbuke kila mgonjwa asiyetambua watu wake, na uwape nguvu wanaomtunza. Toa kwenye mashua zetu kila kitu cha kule. Katika jina la Yesu.

Kama umesema Amina, usiandike tu hapa chini. Leo kabla ya jua kuzama, pita kwa mzee mmoja anayeishi peke yake. Kunywa chai yake.

Tuonane Jumapili.